Ruzuku za Umma kwa Wasanii: Somo kwa Vikundi vya Huruma

Mitaani Huruma, kikundi cha sanaa huonekana siku ya onyesho. Ngoma inalia, vijana wamepandana mabegani, watoto wamejaa mbele, na kofia inazungushwa. Kisichoonekana ni miezi iliyotangulia: mazoezi ya jioni, nauli, kutafuta mahali pakavu mvua inaponyesha, na mwenzao aliyeacha mazoezi kwa sababu amepata kibarua cha mjengo. Kofia hulipia siku moja. Miezi ile mingine hulipiwa na nani?

Swali hilo ndilo chanzo cha ruzuku za umma kwa sanaa. Somo hili linaeleza ruzuku ni nini, hutoka wapi, hulipia nini, na jinsi kikundi cha wadi ya Huruma, Ngei au Kiamaiko kinavyoweza kujiandaa kabla tangazo halijatoka.

1. Ruzuku ni nini?

Ruzuku ni fedha zinazotolewa kwa kazi maalum, kwa masharti yaliyoandikwa, na ambazo hazirudishwi ikiwa kazi imefanywa kama ilivyokubaliwa. Mara nyingi huchanganywa na mambo mengine manne.

Mkopo hurudishwa. Hazina ya Vijana, iliyoanzishwa mwaka 2006, na Hazina ya Wanawake, iliyoanza mwaka 2007, zinajulikana zaidi kwa mikopo. Nchi jirani ya Tanzania ina Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, ambao mwishoni mwa mwaka 2022 ulianza kutoa mikopo kwa wasanii kupitia benki. Mkopo unafaa kwa kazi yenye mapato ya karibu, kama studio ya kurekodi. Kikundi kinachofundisha watoto bure kikichukua mkopo, deni hilo kitalilipa na nini?

Zabuni ni biashara: serikali inanunua huduma na kulipa bei. Vijana, wanawake na watu wenye ulemavu wametengewa asilimia 30 ya zabuni za serikali, na wasanii wanaweza kushindania kazi za burudani, uchapishaji au upambaji.

Kazi ya kuagizwa ni pale shirika linapolipa kikundi kuigiza au kuchora ujumbe wake, kwa mfano kuhusu usafi au chanjo. Zawadi nayo humtuza mtu kwa kazi aliyokwisha kuifanya.

Ruzuku hutazama mbele. Humpa msanii muda na mahali pa kufanya kazi ambayo soko halijailipia bado.

2. Msingi wake katika sheria

Kifungu cha 11 cha Katiba ya 2010 kinautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na kinaitaka Serikali ikuze aina zote za sanaa. Kifungu cha 33 kinalinda uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Jedwali la Nne linaziachia kaunti shughuli za utamaduni, burudani za umma, maktaba na makavazi. Kwa hiyo kikundi kinapouliza katika mkutano wa wadi, "Mwaka huu sanaa imetengewa nini?" kinauliza swali la kawaida la bajeti, sawa na la barabara au taa za mtaani.

3. Fedha hutoka wapi?

Kwa miaka mingi, fedha za umma zilizosaidia sanaa ya Eastlands zilikuwa za umma wa nchi nyingine. Mathare Youth Sports Association (MYSA), iliyoanzishwa mwaka 1987 kwa kandanda na usafishaji wa mitaa, ilikuza pia muziki, densi na maigizo kupitia mradi wake wa Haba na Haba. Norway ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoiunga mkono. Sarakasi Trust, iliyoanza mwaka 2001, ililigeuza jengo la iliyokuwa sinema ya Shan kule Ngara kuwa ukumbi wa mazoezi na maonyesho, na Uholanzi ilikuwa miongoni mwa wafadhili wake. Vijana wengi wa mitaa ya Eastlands wamejifunza sanaa katika nafasi kama hizo. Lakini mfadhili wa nje hupanga kwa vipaumbele vyake, na vikibadilika mradi husimama.

Fedha za ndani zipo pia. Mwaka 2018 serikali ya kitaifa iliunda Hazina ya Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, ambayo hupata fedha zake kutokana na kodi za michezo ya kamari na bahati nasibu. Jambo hili linawagusa watu wa Huruma moja kwa moja. Kijana anayeweka shilingi 50 kwenye mkeka wa mpira huenda hajui kwamba sehemu ya kodi ya mchezo huo inaingia katika hazina ambayo sanaa imo ndani yake. Mtaa uliochangia una haki ya kuuliza kinachorudi.

Aprili 2020, corona ilipofunga kumbi, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza shilingi milioni 100 kutoka hazina hiyo kwa ajili ya wasanii, waigizaji na wanamuziki. Tangazo lile lina funzo. Fedha za dharura huja haraka na huwakuta wasanii walivyo. Mwenye cheti, picha za maonyesho na akaunti hujieleza kwa siku moja. Asiye navyo huanza kuvitafuta siku ya mwisho ya kutuma maombi ikiwa imekaribia.

4. Ruzuku hulipia nini?

Vikundi vingi huomba vifaa kwanza: spika, sare, kamera. Vifaa ni muhimu, lakini gharama kubwa ya sanaa ni muda wa watu. Mwaka 1935, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, serikali ya Marekani iliwaajiri waigizaji, wachoraji, wanamuziki na waandishi kwa maelfu kupitia mpango wa kazi za umma. Walilipwa mshahara kama waliojenga barabara. Mchoraji Jackson Pollock, aliyekuja kuwa maarufu duniani, alikuwa mmoja wao. Serikali ililipia siku zao za kazi, na umma ukapata michoro ya ukutani katika shule, na michezo ya kuigiza kwa kiingilio nafuu au bila malipo.

Hesabu ifuatayo ni ya kujifunzia tu, na bei ni za mfano. Kikundi cha sarakasi cha vijana 12 kinapanga wiki 12 za mazoezi, mara tatu kwa wiki, yaani vipindi 36.

- Nauli na chakula, shilingi 200 kwa kila mmoja kwa kila kipindi: 86,400
- Ukumbi, shilingi 1,000 kwa kipindi: 36,000
- Mkufunzi, shilingi 3,000 kwa wiki: 36,000
- Magodoro ya kurukia na sanduku la huduma ya kwanza: 30,000
- Maonyesho mawili ya wazi, vipaza sauti na matangazo: 20,000
- Picha, ripoti na ada za benki: 5,000
- Jumla: 213,400

Sehemu kubwa zaidi, karibu asilimia 40, ni nauli na chakula cha wasanii wenyewe. Kikundi kikiona haya kuiandika, kijana atakosa mazoezi siku ya kibarua, mnara wa watu utakosa mguu mmoja, na onyesho halitafanyika. Chini ya hesabu kikundi huandika umma utapata nini: maonyesho mawili ya bure mtaani, na watoto 20 kufundishwa kila Jumamosi kwa wiki zote 12. Pande hizo mbili ndizo ombi lenyewe. Ombi lenye upande wa kupokea pekee husomeka kama la kuomba msaada.

5. Kazi ni ya nani?

Hapa vikundi vingi hupoteza bila kujua. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya inasema kwamba kazi ikiagizwa na mtu asiye mwajiri wa msanii, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa kama pande mbili zimekubaliana vingine. Mchoraji aliyelipwa kuchora ukuta, au kikundi kilicholipwa kutunga wimbo wa kampeni, kinaweza kukuta hakiruhusiwi kuitumia kazi hiyo tena bila idhini.

Kwa sababu hiyo mkataba wa ruzuku usomwe kabla ya kutiwa sahihi. Ueleze waziwazi kwamba hakimiliki inabaki kwa wasanii, hata kama mtoaji amepewa ruhusa ya kuonyesha kazi hiyo. Kazi inaweza kusajiliwa na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya (KECOBO). Wimbo au mchezo wa kuigiza hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo sahihi ya leo inawahusu hata watoto wake.

Ndani ya kikundi pia yafaa kuandika nani alitunga nini. Ugomvi mwingi huanza wimbo unapoanza kulipa.

6. Uhuru na uwajibikaji

Je, anayepokea fedha za umma lazima aisifu serikali? La. Kenya ina kumbukumbu chungu katika jambo hili. Mwaka 1977, wanakijiji wa Kamiriithu, Limuru, waliigiza mchezo katika ukumbi waliojijengea wenyewe. Kibali kiliondolewa baada ya majuma machache, na mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa. Walikuwa wametumia jasho lao, si ruzuku. Katiba ya leo inalinda ubunifu wa kisanaa, na mipaka yake imetajwa: uchochezi wa ghasia, propaganda ya vita na matamshi ya chuki.

Msanii hutoa hesabu ya fedha na ya kazi aliyoahidi. Risiti, orodha ya mahudhurio na picha za maonyesho vinatosha kujibu, "Fedha zilienda wapi?" Maoni yaliyomo katika mchezo hayaingii katika ripoti ya fedha.

Na serikali pia inawajibika. Chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, mwananchi anaweza kuandika kuuliza ni vikundi gani vilipewa fedha, kiasi gani na kwa vigezo vipi. Afisa husika anapaswa kujibu ndani ya siku 21.

7. Makaratasi ya kuandaa mapema

Kikundi kisichosubiri tangazo huwa na bahasha moja yenye vitu hivi:

- Cheti cha usajili. Vikundi vya kijamii husajiliwa katika ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo, chini ya sheria ya mwaka 2022.
- Katiba ya kikundi, majina ya viongozi na nakala za vitambulisho.
- Nambari ya PIN ya KRA na akaunti ya benki yenye watia sahihi zaidi ya mmoja. Fedha za kikundi zikipita kwa simu ya mtu mmoja, hesabu huwa ngumu hata kama mtu huyo ni mwaminifu.
- Daftari la mikutano na la mapato na matumizi, hata ya shilingi 500.
- Picha na video fupi za kazi, zenye tarehe na mahali.
- Barua kutoka kwa shule, kanisa, msikiti au ukumbi uliowahi kuona kazi ya kikundi.

8. Kalenda ya bajeti ya kaunti

Ruzuku ya mwaka ujao huamuliwa mwaka huu. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini mlango hufunguliwa mapema. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti huwasilishwa kwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Taarifa ya mkakati wa fedha hufuata kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Kabla ya bajeti kupitishwa, umma hualikwa kutoa maoni.

Wasanii wakifika kila mmoja na ombi lake, afisa huandika maombi 30 tofauti. Wakifika na ombi moja, mfano ukumbi wa mazoezi kwa ajili ya vikundi vyote vya wadi, huwa vigumu kulipuuza. Nairobi ina mfano wa nafasi kurudishiwa watu: shirika la Book Bunk limeshirikiana na serikali ya kaunti kufufua maktaba ya McMillan, ya Kaloleni na ya Makadara, ambazo zimepokea pia maonyesho na mazungumzo. Wasiosikizwa mkutanoni wana njia nyingine: sehemu ya 15 ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mtu haki ya kuwasilisha malalamishi au ombi kwa bunge la kaunti.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Kikundi kikipewa fedha leo, nani atatia sahihi, na nani atazikagua?
2. Kazi ipi ya kikundi ni ya kuagizwa, na ipi ni yake chenyewe? Makubaliano yako wapi?
3. Watu wa mtaa watapata nini ambacho wasingepata bila ruzuku?
4. Ruzuku ikiisha, ni sehemu gani ya kazi itakayoendelea?

Swali la nne ndilo gumu zaidi, na linafaa kujibiwa kabla ya kutuma ombi. Wiki 12 za mazoezi zitakwisha. Wale watoto 20 watarudi Jumamosi ya 13, na watataka kumkuta mwalimu.