Dondoo muhimu: Kusaka ukoo wa Kicheki

Anza na jina la kijiji, maana vitabu vya ubatizo, ndoa na vifo, yaani matriky, hupangwa kwa parokia. Hifadhi ya nyaraka ya Třeboň imeviweka vyake mtandaoni bure. Nakili pia namba ya nyumba: zilianza kutolewa mwaka 1770, nazo hutenganisha akina Jan Novák watatu wa kijiji kimoja.

Utakuta Kilatini, Kijerumani na Kicheki. Kariri kwanza narozen (amezaliwa), oddán (ameoa) na zemřel (amefariki). Nováková ni mke au binti wa Novák, si ukoo mwingine. Kigumu hasa ni Kurrent, mwandiko wa zamani wa Kijerumani. Uandike mwenyewe kwa kalamu kila siku hadi jicho lizoee. Na ukiona 7ber, hiyo ni Septemba, si Julai.