Baiskeli ya mtoto, njia ya msituni na pesa kwenye simu: somo kwa wazazi wa Garsen na Tana River

Garsen hakuna mlima, hilo tunajua sote. Lakini zile baiskeli zinazoitwa za milimani, zenye tairi nene lenye meno, ndizo zinazofaa njia zetu kuliko zile za tairi jembamba. Sababu si mwinuko. Ni mchanga, udongo mweusi wa delta unaoshika kama gundi mvua ikinyesha, na miiba ya mathenge ambayo haichagui tairi la mtoto wala la mtu mzima.

Likizo za shule zikifika, watoto wanataka kutoka. Na sisi tuna msitu ambao watu hutoka mbali kuja kuuona. Msitu wa kando ya Mto Tana ndio makao ya mbega mwekundu wa Tana na mangabe wa Tana, nyani wawili wasiopatikana popote pengine duniani. Hifadhi yao, iliyo kati ya Hola na Garsen, ilitangazwa mwaka 1976. Mtoto wa miaka sita anaweza kukua hapa bila kuwaona hata siku moja, ilhali njia za vijiji zinapita chini ya mikuyu na mikindu ileile.

Sasa, hili ni somo la pesa au la baiskeli? Yote mawili. Safari ya aina hii inagusa pesa mara nne au tano: kununua baiskeli, kumlipa fundi, kulipa ada, kumlipa wa kuwaongoza, na wakati mwingine mwenye mtumbwi. Kila hatua kati ya hizo ina mlango wa tapeli, na mingine ina hatari kwa mtoto mwenyewe.

Kununua baiskeli

Baiskeli nyingi za watoto huku ni za mtumba, zinapandishwa kwa basi kutoka Mombasa au Malindi. Muuzaji anaweka picha mtandaoni, bei nzuri, halafu anakwambia, "Tuma nusu nikushikie, kuna mtu mwingine anaitaka." Hapo ndipo watu wengi hutapeliwa. Haraka hiyo imetengenezwa makusudi.

Kabla ya kutuma hata shilingi moja, mwombe akupigie picha mpya ya baiskeli hiyo ikiwa na karatasi yenye tarehe ya leo na jina lako. Mwenye baiskeli ataipiga dakika hiyohiyo. Asiye nayo ataanza hadithi. Kama una ndugu au jamaa Malindi, mtume akaione na alipie palepale kwa namba ya Till ya duka. Kama huna, mwambie muuzaji kwamba utalipa mzigo ukifika stendi na umeukagua. Akikataa, tafuta mwingine. Na unapotuma, simu inakuonyesha jina la mpokeaji kabla muamala haujakamilika. Lisome. Kama muuzaji alijitambulisha kwa jina moja na linalotokea ni jingine, usikubali maelezo ya "hiyo ni laini ya bibi yangu". Katisha muamala.

Kuhusu saizi, usinunue kubwa "atakua nayo". Nguo anaweza kukua nayo, baiskeli hapana. Mtoto akikaa kwenye kiti, nyayo zake zote mbili ziguse chini. Kwa wa miaka mitatu au minne, gurudumu la inchi 12 linatosha. Wa mitano au sita, inchi 16. Akifika saba au nane, inchi 20. Kisha mwambie abane breki kwa vidole vyake mwenyewe, wewe ukisukuma baiskeli. Breki nyingi za mtumba ni ngumu hata kwa mkono wa mtu mzima, na mtoto asiyeweza kusimama hafai kuingia njia yenye mizizi.

Kama bado hajui kuendesha, kuna njia rahisi kuliko yale magurudumu madogo ya pembeni: fungua pedali zote mbili, shusha kiti, mwache asukume kwa miguu uwanjani. Akishajua kujisawazisha, rudisha pedali. Gharama yake ni spana tu.

Kuweka akiba bila kuumia

Tuseme baiskeli na helmeti vitakugharimu shilingi 6,000. Ukitenga 250 kila wiki, utafika baada ya wiki 24, yaani chini ya miezi sita. Weka kwenye akiba iliyofungwa kwenye simu, ambayo huwezi kuitoa kila unapopita kibandani. Ukiiacha kwenye salio la kawaida itaishia kwa unga na vocha, tunajuana.

Tafadhali usichukue mkopo wa simu kwa ajili ya baiskeli. Tunatoa huduma za pesa na bado tunakwambia hivyo. Mkopo wa simu unafaa mtoto akiugua usiku na unahitaji pikipiki ya kufika zahanati. Baiskeli inaweza kungoja.

Kwenye bajeti usisahau viraka, gundi na pampu. Mathenge imeenea kando ya barabara na malishoni, na mwiba wake unapenya tairi hadi kwenye tyubu. Ukitoka bila viraka utarudi umebeba baiskeli bega moja na mtoto bega jingine.

Karia si kiti cha mtoto

Hili tunalisema kwa uzito. Wengi wetu tumebebwa kwenye karia ya baiskeli kubwa nyeusi, na tunawabeba watoto vivyo hivyo. Mguu wa mtoto mdogo ukiteleza ndani ya spoki, kisigino kinachanika na mfupa unaweza kuvunjika. Anasinzia, miguu inalegea, basi. Kama ni lazima umbebe, mwambie fundi afunge kinga ya bati au plastiki kila upande wa gurudumu la nyuma, na mahali pa kukanyagia. Ni kazi ya saa moja. Mlipe fundi kwa simu kazi ikiisha, sio kabla, na ujumbe wa malipo ubaki kama risiti yako kinga ikilegea wiki ijayo.

Saa ya kutoka na njia ya kupita

Viboko hutoka mtoni usiku kula majani na hurudi majini alfajiri. Kwa hiyo ile tabia ya kutoka saa kumi na moja ili kukwepa jua haifai hapa ukiwa na watoto. Subiri jua litoke kabisa, anza kama saa moja na nusu, na uwe umerudi kabla ya saa nne joto halijapanda. Usipite kati ya kiboko na maji. Ukingo wa mto ni wa mamba, hata pale panapoonekana pametulia, hata pale kina mama wanapochota maji. Mapumziko ya watoto yawe mbali na mto. Msituni kwenyewe kuna sehemu zenye nyati, na anayejua wako wapi wiki hii ni mtu wa kijiji hicho, si wewe wala ramani ya simu.

Kwa hiyo mtafute mwenyeji wa kuwaongoza. Kubalianeni bei mapema kwa ujumbe mfupi, ili kila mmoja awe na maandishi. Mpe kidogo ya kuanzia, nyingine mkirudi. Kwa mtoto wa miaka mitano, kilomita mbili au tatu zinatosha kabisa, hata akisema bado ana nguvu.

Mkitaka kuingia kwenye hifadhi, ulizeni kwanza kama baiskeli zinaruhusiwa upande huo. Ada za hifadhi zinazosimamiwa na KWS hulipwa kupitia eCitizen. Mtu akikusimamisha njiani akisema tuma kiingilio kwa namba yake binafsi, hiyo si ada. Lipa ukiwa nyumbani penye mtandao, uhifadhi risiti.

Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, acheni kabisa njia za karibu na mto. Wakazi wa Tana River hawahitaji kuelezwa mafuriko ya mwishoni mwa 2023 yalivyofanya. Maji huku hupanda hata siku ambayo Garsen haijanyesha tone, kwa sababu mvua imenyesha nyanda za juu.

Mtandao ukipotea

Ndani ya msitu simu inaweza kukosa mtandao kwa saa nzima. Malipo yote yanayoweza kufanywa kabla, yafanye kabla. Beba noti ndogondogo kwa mwenye mtumbwi. Andika namba yako kwa kalamu kwenye mkono wa mtoto, chini ya kiwiko, kwa sababu karatasi ya mfukoni hulowa. Namba za dharura ni 999 na 112. Ile ya Msalaba Mwekundu ni 1199.

Kuna ujanja mmoja wa kuangalia mtandao ukirudi. Simu inalia mfululizo, na kati ya jumbe zote kuna moja inayosema umepokea pesa. Dakika mbili baadaye mtu anapiga, sauti ya huruma: "Nimekosea namba, nirudishie, ni za hospitali." Umechoka, mtoto analia, unataka kumaliza. Usitume. Angalia salio lako kwanza kwenye menyu, sio kwenye ujumbe. Mara nyingi pesa haikuingia kabisa na ujumbe umetoka kwa namba ya kawaida. Hata kama imeingia kweli, mwambie aombe muamala urudishwe kupitia huduma kwa wateja, na wewe utakubali ukiulizwa. Mkosaji wa kweli hapotezi chochote kwa njia hiyo.

Vilevile wewe ukituma kimakosa, usianze kumbembeleza mpokeaji. Wasiliana nasi mara moja kabla pesa haijatolewa, ukiwa na kodi ya muamala iliyo mwanzoni mwa ujumbe wako.

Malipo ya mwisho ya kiongozi yafanyieni barabarani, mkiwa mmefika penye mtandao, wote mmesimama pamoja. Msubirini apate ujumbe wake na aangalie salio lake. Kisha mpeni mtoto maji, na mkague tairi kama kuna mwiba uliobaki, maana pancha nyingi huonekana asubuhi ya kesho yake.