Redio ya Intaneti Lodwar na Kakuma: Anza na Ruhusa za Nyimbo

Vifaa vya kuanzisha redio ya intaneti vinaenea juu ya meza moja: kompyuta, maikrofoni, betri ya sola na bando. Kijana aliyeko Lodwar anaweza kusikika Nairobi, na kusikika pia na jamaa aliyetoka Kakuma akahamia Marekani au Australia. Wengi hudhani kwamba kwa kuwa hawana masafa ya FM, sheria ya hakimiliki haiwahusu. Inawahusu sawasawa na redio kubwa.

Hatua ya kwanza: hesabu wenye wimbo. Wimbo mmoja una mtunzi wa maneno na muziki, una mwimbaji na wapiga ala, tena una mtayarishaji aliyegharamia rekodi. Wote wanatambuliwa na Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Haki ya mtunzi hudumu miaka 50 baada ya mwaka aliofariki, kwa hiyo usidhani wimbo wa zamani ni wa bure. Kenya imo katika Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1993, kwa hiyo rumba ya Kongo inayopendwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma inalindwa hapa kama wimbo wa Mkenya. Kununua wimbo au kulipia Spotify kunakupa ruhusa ya kusikiliza mwenyewe, si ya kuwarushia watu.

Hatua ya pili: tafuta leseni. Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, kazi yake ni kuvipa vibali na kuvisimamia vyama vinavyokusanya mirabaha. Kwa miaka mingi MCSK imesimama upande wa watunzi, PRISK upande wa waimbaji na wapiga ala, na KAMP upande wa watayarishaji. Vibali vya vyama hivi vimekuwa vikibadilika na kufikishwa mahakamani, kwa hiyo kabla hujalipa hata shilingi, iulize KECOBO nani ana kibali mwaka huu. Ukishampata, mwandikie umuulize mambo matatu. Je, leseni hii ni ya kurusha kwa intaneti, au ni ile ya baa na matatu? Je, inamfikia msikilizaji aliye nje ya Kenya? Je, kipindi nikikihifadhi ili mtu akisikilize kesho, bado nimo ndani ya leseni? Swali la tatu ndilo huwakwamisha wengi, kwa sababu kurusha moja kwa moja ni haki moja, na kuuweka wimbo mahali mtu anapoweza kuuchukua wakati wowote ni haki nyingine. Majibu yaje kwa maandishi.

Hatua ya tatu ndiyo ninayokuomba uipe muda mwingi: nyimbo za hapa kwetu Turkana. Mzee wa Kiturkana anaweza kuwa na wimbo alioutunga mwenyewe kumsifu emong wake, maksai aliyemlea. Siku unapounasa kwa simu, umeingia katika umbo la kudumu na sheria inaulinda. Mzee ni mtunzi na mwimbaji. Wewe uliyepanga kuurekodi una haki kwenye rekodi yako tu. Wimbo si wako. Ruhusa ya mdomo inakubalika kisheria kama hujidai kuwa mrushaji pekee, ila inaweza kuondolewa wakati wowote. Andika hivi:

«Mimi ____, mtunzi na mwimbaji wa wimbo ____, naipa redio ____ ruhusa ya kuurusha moja kwa moja na kuuhifadhi katika vipindi vyake, kuanzia tarehe ____ hadi ____, kwa malipo ya ____. Wimbo unabaki mali yangu.»

Kama mzee hasomi, msomee kwa Kiturkana mbele ya shahidi aliyemchagua yeye, ndipo aweke dole gumba. Mwachie nakala. Usimharakishe.

Nyimbo za edonga, ngoma ya Kiturkana, ambazo hazina mtunzi anayejulikana ni suala jingine. Kuna sheria ya 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii, nayo inataka jamii ielezwe na kukubali kabla sanaa yake haijatumiwa kibiashara nje ya desturi. Kaa na wazee, waeleze tangazo gani litafuata baada ya wimbo na nani analipia, kisha makubaliano yaandikwe.

Kakuma imekuwa kambi tangu 1992, na Kalobeyei ikafuata 2016. Humo mna wanamuziki kutoka Sudan Kusini, Kongo, Burundi, Somalia na Ethiopia. Sheria yetu humlinda mtunzi anayeishi Kenya hata kama si raia. Asikudanganye mtu kwamba wimbo wa mkimbizi hauna mwenyewe. Naye asaini karatasi ileile, kwa malipo yaleyale.

Hatua ya nne: angalia wasikilizaji wako wako wapi. Leseni ya Kenya isipotaja nchi za nje, ichukulie kuwa inaishia mpakani. Zipo kampuni za mitambo ya kurushia redio mtandaoni zinazouza huduma pamoja na leseni, lakini soma orodha ya nchi zilizomo. Kwa Marekani, mirabaha ya rekodi hupitia SoundExchange, na leseni yake ya kisheria ina masharti: ndani ya saa tatu usizidishe nyimbo nne za msanii mmoja, wala tatu za albamu moja, wala usitangaze mapema wimbo gani utapigwa. Ukishindwa na gharama hizo, uliza mtambo wako kama unaweza kuzifungia nchi fulani, au uwape wasikilizaji wa mbali mazungumzo pamoja na nyimbo ulizosainiwa wewe mwenyewe.

Hatua ya tano ni daftari. Chama kinagawaje pesa kwa haki bila kujua kilichopigwa? Mstari mmoja kwa kila wimbo: tarehe, saa, jina la wimbo, mtunzi, mwimbaji, mtayarishaji, na namba ya ISRC inayotambulisha rekodi, yenye herufi na tarakimu 12, kama ipo. Usiandike «wimbo wa Kiturkana» ukadhani umemaliza. Hakuna atakayelipwa kwa jina hilo. Jaza siku hiyohiyo, kwani jioni ya pili utakuwa umesahau.

Mwisho wa mwezi peleka orodha kwa vyama, na nakala kwa kila aliyekusainia karatasi. Yule mzee wa emong mpigie simu umsomee: wimbo wake umepigwa mara ngapi, siku zipi, saa ngapi, na malipo yake yametumwa kwa namba ipi.