Puli ya Tensiona Inapopiga Kelele

Puli ya tensiona, inayokaza mkanda wa injini (fenibelti), huanza kulia beringi yake inapokauka grisi au kulika.

1. Zima injini, iache ipoe, na uchomoe waya hasi wa betri.
2. Chora njia ya mkanda kabla ya kuuvua. Wengi hukwama wakati wa kuurudisha.
3. Mkanda ukishavuliwa, zungusha puli kwa kidole: ikikwaruza au ikicheza pembeni, beringi imekufa.
4. Ikiwa nzima, zungusha altaneta na pampu ya maji vivyo hivyo. Milio yake hufanana na ya puli hii.
5. Usipulizie mafuta kamwe: mkanda huteleza na mpira wake huharibika.
6. Mkanda wenye nyufa ubadilishwe pamoja na puli.
7. Usiahirishe. Puli ikikwama, mkanda hukatika, betri haichajiwi, na baadhi ya injini huchemka njiani.