Ufadhili wa Kusomea Haki za Binadamu: Soma Sifa Kabla ya Kuandika Maombi

Kijana wa Njombe au Makambako anaweza kuwa na alama safi na insha nzuri, lakini akaenguliwa hatua ya kwanza kwa kuwa aliomba nafasi isiyomhusu. Anza na swali hili: shahada yako ni ya nini?

Kama ni ya sheria, tazama Afrika Kusini. Tangu 2000, Kituo cha Haki za Binadamu cha Chuo Kikuu cha Pretoria kinafundisha shahada ya uzamili ya haki za binadamu na demokrasia barani Afrika. Wanafunzi huanza wote Pretoria, kisha hutawanywa kwenye vyuo shirika vya nchi nyingine. Nafasi ni kama 30 kwa bara zima, hivyo wenye matokeo ya kawaida na wasio na rekodi ya kushughulikia haki za watu hubaki nyuma. Uliyesoma sosholojia au ualimu, hakikisha kwanza kama shahada yako inakubalika huko.

Isipokubalika, nenda Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza ulioanza 1983. Haubagui fani, unaweza kuutumia kusomea haki za binadamu, tuseme Chuo Kikuu cha Essex. Mtanzania anastahili akiwa na shahada ya kwanza na uzoefu wa kazi wa saa 2,800, sawa na miaka miwili hivi. Huchagua kozi tatu, na akihitimu lazima arudi nyumbani kwa miaka miwili. Mwenye cheti cha kidato cha sita au stashahada pekee asubiri kwanza.

Saa hizo 2,800 huwatisha wengi, ingawa kwa maoni yangu hapo ndipo mtu wa Njombe ana mtaji. Kazi ya kujitolea nayo inahesabiwa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, wale wanaomsikiliza mjane aliyenyang'anywa shamba, au mzazi ambaye bintiye ni mfanyakazi wa ndani Dar es Salaam na halipwi. Mwanzoni mwa 2019 mkoa wa Njombe ulikumbwa na mauaji ya watoto yaliyohusishwa na ushirikina. Utafiti wa 2022–2023 nao ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima wa mkoa huo ni asilimia 12.7, ya juu kuliko mkoa mwingine wowote wa Bara. Uliyewalinda watoto au kupinga unyanyapaa una cha kuandika kumshinda anayenakili matamko ya Umoja wa Mataifa. Ila dai barua yenye tarehe, majukumu na saa ungali hapo hapo kazini. Ukichelewa, mratibu wako atakuwa ameshahamia Mbeya.

Halafu karatasi. Majina yafanane kwenye cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, vyeti vya NECTA na cha chuo. Yohana huku na John kule ni safari ya kwenda kwa wakili kula kiapo. Pasipoti ni shilingi 150,000, nayo huombwa mtandaoni kabla ya kufika Uhamiaji. Chuo kinaweza pia kutaka mtihani wa Kiingereza, kwa hiyo utengee fedha mapema.

Dirisha la Chevening kwa kawaida hufunguliwa Agosti na kufungwa Oktoba au Novemba, na kuomba ni bure. Anayekudai fedha ili "akupitishe" ni tapeli. Usimpe hata nauli.