Jinsi ya Kuchora Ramani ya Nchi ya Kubuni

Hapa Nakivale twacheza mchezo wa hadithi: kila mtu huigiza msafiri katika nchi isiyokuwako duniani. Ramani yake naichora hivi.

Kwanza maji. Mto hushuka toka milimani hata ziwani, kama Rwizi upitavyo Mbarara kwenda Ziwa Mburo. Pili miji, penye maji na njia. Mwisho majina: ya mito kwa herufi zilizolala, ya miji kwa herufi zilizosimama.

Wanyarwanda walipokewa hapa tangu miaka ya 1960. Baadaye wakaja Wakongo, na kijiji kimoja chaitwa New Congo. Ahamaye huchukua jina la kwao. Basi watu wa ramani yako wakihama, usiwafutie jina; liandike tena wanapokaa.