Programu ya Kuendesha Nyumba: Uiandike Mwenyewe au Uchukue Iliyokwisha Tengenezwa?

Muhula huu wanafunzi wa fizikia wameniuliza mara nyingi swali moja. Mtu akitaka taa za nyumba yake zijiwashe na pampu ijizime bila mkono wa mtu, aandike programu yake mwenyewe, au achukue iliyokwisha tengenezwa na wengine? Swali hili linawahusu wazazi pia, kwa kuwa ndio watakaolipa pampu ikiungua. Nitalijibu kwa kutazama kazi moja tu, nayo ni maji.

Tangu mwaka 2009 Kahama na Shinyanga zinapata maji ya Ziwa Victoria, yanayovutwa kutoka Ihelele katika wilaya ya Misungwi. Hata hivyo mwenye nyumba hupenda kuweka akiba. Kwangu yako matangi mawili: simtanki la chini linalojazwa na bomba, na jingine juu ya mnara. Pampu ya umeme huyapandisha maji. Tangi la chini likikauka, na pampu ikaendelea kuzunguka bila maji, hupata joto kali na mwisho hufa. Basi programu tunayoitaka ina kanuni tatu. Washa pampu tangi la juu likishuka hadi robo. Izime likijaa. Na wakati wowote tangi la chini likikaribia kukauka, izime, hata kama la juu ni tupu.

Kwa nini tuweke robo na kujaa, isitoshe alama moja? Kwa sababu ukiweka alama moja, mtu akichota ndoo moja tu pampu itawaka, itazimika, kisha itawaka tena. Mota huvuta umeme mwingi zaidi wakati wa kuanza kuliko wakati wa kuzunguka, na kuanza mara kwa mara huichosha.

Sasa tutazame jinsi ya kupima maji. Kipimo huwekwa juu ya tangi. Hutoa mlio ambao sikio halisikii, na mlio huo hugonga uso wa maji na kurudi. Tuseme umerudi baada ya sekunde 0.006. Katika joto la digrii 20 sauti huenda kama mita 343 kwa sekunde. Zidisha, kisha gawa kwa 2, maana mlio umekwenda na kurudi. Utapata mita 1.03. Lakini mchana wa Oktoba, ndani ya tangi jeusi, joto hufika digrii 35 kwa urahisi, na hapo sauti huenda karibu mita 352. Jibu huwa mita 1.06. Tofauti ni sentimita 3, na katika tangi pana hizo ni ndoo kadhaa. Mwandikaji wa programu ndiye lazima alikumbuke jambo hili.

Kanuni zile tatu mwanafunzi wa kidato cha tatu aweza kuziandika kwa siku moja, kwa kutumia kibao kidogo cha Arduino, kilichoanzia Ivrea, Italia, mwaka 2005. Taabu huja baadaye. Umeme ukikatika na kurudi, programu ianzie wapi? Panya akikata waya wa kipimo, je, kimya hicho kisomwe kama tangi tupu? Kikisomwe hivyo, pampu itamwaga maji usiku kucha. Tena baba ataka kuona hali ya maji katika simu yake, na mama ataka taa za nje ziwake magharibi. Siku moja imekuwa mwaka.

Hapo ndipo programu za wengine zinapovutia. Mjerumani Kai Kreuzer alianzisha openHAB mwaka 2010. Mholanzi Paulus Schoutsen alianzisha Home Assistant mwaka 2013. Zote mbili ni za bure, yeyote aweza kusoma jinsi zilivyoandikwa, na hufanya kazi ndani ya nyumba hata intaneti ikikatika. Ndani yake mna jasho la watu wengi mno. Lakini zataka kompyuta inayowaka usiku na mchana, na hapa petu umeme ukikatika ghafla kadi ya kumbukumbu yaweza kuharibika.

Ziko nyingine ambazo mimi sizipendi hata kidogo, yaani zile zinazotegemea kompyuta za kampuni iliyo mbali. Huko Marekani kulikuwa na chombo kiitwacho Revolv, bei yake karibu dola 300. Mei 2016 mitambo yake ilizimwa na wenyewe, na chombo kikawa kopo tu mezani. Aprili 2022 mitambo ya Insteon nayo ilizimwa bila wateja kuambiwa mapema.

Mkienda Geita, tazameni makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu. Mengi yamechomelewa na mafundi wa papo hapo, na yakivunjika hutengenezwa na mafundi hao hao. Lakini injini yamenunuliwa. Sijapata kumwona fundi aliyekaa chini akajifulia injini.

Serikali yetu nayo imepita katika swali hili. Mwaka 2023 iliacha TANePS, mfumo wa ununuzi wa umma uliojengwa na kampuni ya nje, ikaanza kutumia NeST, uliojengwa na wataalamu wa nchini. Lakini Serikali ina watumishi wa kuutunza mfumo huo kila siku. Nyumba ina kijana mmoja, naye akimaliza kidato cha sita aenda zake Dar es Salaam au Dodoma. Nani atafungua programu yake pampu ikigoma?

Kwa hiyo nasema hivi: kulinda pampu, andika mwenyewe, katika kibao kisichotegemea intaneti wala simu, na programu isizidi ukurasa mmoja. Taa, simu na michoro ya matumizi, waachie Home Assistant au openHAB. Hizo zikifa, maji yataendelea kupanda. Maelezo ndani ya programu yaandikwe kwa Kiswahili, na nakala ibandikwe kando ya pampu. Kazi ya waya za volti 230 afanye fundi mwenye leseni, si mwanafunzi. Swichi ya mkono ibaki ukutani.

Kibao na kipimo viko katika maabara ya fizikia. Atakaye kujaribu aje Alhamisi baada ya masomo, na aje na ndoo yake.